Marudio ni ya Nani

Mpango wa taifa wa kupunguza zebaki kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu uliandikiwa miaka ya 2020 hadi 2025. Miaka hiyo imekwisha. Oktoba 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na tangu hapo nimehudhuria semina, nimeona mabango, nimebandika vipeperushi kwenye ukuta wa maabara ya shule yangu. Na bado, ukipita kwenye mialo mingi ya kuoshea dhahabu kati ya Kahama na Geita, utakuta zebaki inapimwa kwa kisoda na kuuzwa mchana kweupe.

Kilichonifanya niandike si mpango wenyewe bali swali la mwanafunzi. Niliwapeleka vijana wangu wa kidato cha tano kwenye Maonesho ya Teknolojia ya Madini, viwanja vya Bombambili mjini Geita, yale yaliyoanza 2018 na ambayo kila mwaka yanazidi kupanuka. Katika banda moja kijana nadhifu alikuwa akieleza mtambo wa kuchenjua dhahabu bila zebaki hata tone. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili fasaha, na mimi kama mwalimu wa kemia nilifurahi kumsikiliza. Alipomaliza, binti mmoja anayetoka upande wa Nyarugusu alinyoosha mkono.

"Samahani kaka, marudio ya mtambo huu yanabaki kwa nani?"

Kijana akatabasamu, akasema mchanga huo unaobaki ni jambo la mwenye mtambo na mwenye mawe kupatana wenyewe. Yeye ni mtu wa teknolojia.

Tulirudi Shinyanga jioni ile nikiwa nimekaa kiti cha mbele cha basi, kimya. Binti yule alikuwa ameuliza kitu ambacho mama yangu alichelewa miaka mingi kukiuliza, na jibu alilopewa nimelisikia kwa sura nyingi tangu utotoni.

Mimi nimekulia mwaloni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 rashi za dhahabu zilifuatana katika ukanda wetu. Leo wanasema Bulyanhulu, kesho wanasema kwingine, na watu wanahama na masufuria kichwani. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia ya soko, na habari ile ilitembea vijijini haraka kuliko redio. Baba alikuwa chini shimoni, duarani, Mama alikuwa juu mwaloni. Mawe yakitoka yanapondwa, yanasagwa, unga unaoshwa kwenye ubao ulioinama uliotandikwa magunia, na kile kizito kinachonasa kwenye magunia kinakung'utwa kwenye beseni. Hapo ndipo zebaki inapoingia. Mama aliimimina, akakanda kwa mikono mitupu mpaka imekamata dhahabu yote inayoweza kukamata, akakamua kwa kitambaa, likabaki donge la rangi ya fedha lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Donge lile lilichomwa kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa. Jiko lenyewe ndilo lililopikia ugali.

Zebaki hatukuinunua. Broka aliigawa. Alikuja na chupa ndogo nzito, akakupimia kisoda kimoja au viwili, na sharti lake lilikuwa moja: dhahabu utakayopata uniuzie mimi. Akishaipata aliipima kwa mizani yake ya mkononi, na mawe yake ya mizani yalikuwa njiti za kiberiti na sarafu. Ukibisha uzito, kesho hupati zebaki. Nilipokuwa mtoto niliona mtu mkarimu. Nilipokua nikaelewa kwamba kisoda kile kilikuwa kamba. Ukitaka kujua chombo kimeletwa kwa faida ya nani, angalia kwanza kinakufunga kwa nani baada ya kukipokea. Hili nalisema hata leo ninapoona wakulima wa pamba wa Kishapu wakipewa mbegu na dawa kwa mkopo, au vijana wakipakua programu za simu za kukopesha zinazoomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyoyahifadhi.

Nilipofika kidato cha tatu, sekondari moja mjini Shinyanga, kipimajoto kilivunjika maabara. Zebaki ikatawanyika sakafuni kwa vitone vinavyong'aa, nasi tukacheka na kuinama tuvikusanye. Mwalimu wetu alipiga kelele ambayo sijaisahau. Alitutoa wote nje, akafungua madirisha yote, akajifunga kitambaa usoni, akanyunyiza unga wa salfa juu ya vile vitone na kuvikusanya kwa kadi. Kisha alituketisha chini ya mwembe akatueleza: zebaki haihitaji kumezwa ili ikudhuru, mvuke wake hauonekani wala haunuki, ukiuvuta unaingia damuni na kufika kwenye ubongo, mtu huanza kutetemeka mikono, kusahau, kukasirika bila sababu, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Ile ya kwenye kipimajoto ilikuwa kidogo mno, haikujaza hata robo ya kisoda.

Jumamosi ile nilikwenda nyumbani nikamkuta Mama amechuchumaa mbele ya jiko, kijiko mkononi, moshi mweupe ukimpita usoni, na mdogo wangu amelala mgongoni mwake.

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana aliheshimu sana shule. Kisha akaniuliza, "Na huyo mwalimu wako amesema tutumie nini badala yake?" Mwalimu hakusema. Kitabu hakikusema. Maarifa yale yalitosha kumlinda mwanafunzi wa maabara na yaliishia kwenye geti la shule. Watu wakiniuliza kwa nini nilichagua kufundisha kemia, jibu ni siku hizo mbili, ya maabara na ya jikoni, zilizofuatana ndani ya wiki moja.

Jina la Minamata nilikutana nalo baadaye, chuoni. Ni mji wa wavuvi kusini mwa Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki kwenye ghuba, zebaki ikaingia kwenye samaki, samaki wakaliwa. Paka walianza kuzunguka kama waliopagawa kabla ya watu kuanza kuanguka. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Kiwanda kiliendelea kumwaga mpaka 1968. Katikati ya miaka hiyo kuna kisa ninachowasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Daktari wa kampuni yenyewe, Hosokawa Hajime, alimlisha paka maji ya kiwandani mwaka 1959, na paka akaugua vilevile walivyougua wavuvi. Kampuni ikazuia majibu yasitoke. Miaka kumi na moja baadaye, akiwa mgonjwa mahututi kwa saratani, daktari yule alitoa ushahidi kutoka kitandani hospitalini. Wanafunzi huniuliza kama alikuwa mtu mwema au mbaya. Huwaachia wabishane. Ninachotaka wakione ni kwamba ndani ya kiwanda kile kulikuwa na mtu aliyejua, mwenye elimu, na kazi yake haikumkataza kujua, ilimkataza kusema.

Na sisi pia hatuwezi kusema hatukujulikana. Kati ya 2002 na 2007 Umoja wa Mataifa uliendesha mradi wa zebaki katika nchi sita, Brazil, Indonesia, Laos, Sudan, Zimbabwe na Tanzania, na eneo la Tanzania lilikuwa Rwamgasa, hapahapa Geita. Wataalamu walipima udongo, maji, samaki na watu. Ukanda wetu umepimwa zaidi ya maeneo mengi ya nchi hii.

Miaka michache baada ya kuajiriwa, mradi mwingine mdogo uliniomba nikawe mkalimani kwenye kijiji ambacho wazee wake walijisikia huru zaidi kwa Kisukuma. Kazi ilikuwa kuonyesha ritoti. Ni chombo rahisi: kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachokazwa, na bomba linalotoka juu na kuinamia kwenye maji. Unaweka donge ndani, unafunga, unachoma. Mvuke wa zebaki unapita bombani, unapoa, unadondoka kwenye maji na kuwa zebaki tena. Dhahabu inabaki kikombeni. Hakuna anayevuta moshi, na zebaki unaitumia mara ya pili. Mimi niliyekuwa nimeishi na lile jiko la Mama nilikiona chombo kile nikakipenda papo hapo.

Mtaalamu alimaliza, akauliza kama kuna swali. Kimya. Kisha mzee mmoja mwenye duara, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasema nami nikatafsiri: "Mwanangu, donge hili tunagawana watu wengi. Likiwa kwenye kijiko kila mtu analiona tangu jeupe mpaka linapogeuka njano. Ukilifungia ndani ya chuma, nani atatuhakikishia kuwa kilichoingia ndicho kilichotoka?"

Mtaalamu akaeleza kwamba dhahabu haigeuki mvuke kwa moto ule, kwa hiyo haiwezi kupotea. Ni kweli kabisa kisayansi. Lakini mzee hakuwa anauliza habari za mvuke. Alikuwa anauliza habari za watu.

Asiyewahi kukaa kwenye mgawo hawezi kuelewa. Donge moja lina sehemu ya mwenye leseni, sehemu ya mwenye duara, sehemu ya mwenye karasha la kusagia mawe, na kinachobaki ni cha wachimbaji walioshuka chini, ambao wengine wamefanya kazi wiki nzima kwa kulishwa tu wakisubiri siku hiyo. Wote hukaa kuuzunguka moto. Macho yao ndiyo mkataba wao, maana karatasi hakuna. Moto wa wazi unaua polepole, lakini unatunza amani ya siku ile. Chombo kilichokuja kuondoa moshi kilikuwa kinaondoa na ushahidi, na hakikuleta ushahidi mwingine mahali pake. Juu ya hayo, dhahabu ya ritoti mara nyingine hutoka na rangi iliyofifia, na broka akiiona anapata sababu ya kukata bei.

Ritoti ziliachwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilipopita tena mwaka uliofuata zilikuwa stoo, kwenye boksi lake, kando ya mabango ya chanjo. Wageni waliandika, bila shaka, kwamba jamii ilihitaji elimu zaidi. Mimi nilikuwa pale na nasema jamii ilikuwa na elimu. Iliuliza swali zuri kuliko maswali yote ya siku ile. Baadaye nilisoma kwamba kwingine wabunifu walitengeneza ritoti zenye bakuli la kioo ili watu waone donge likigeuka. Nilijua mara moja kwamba aliyebuni kile alikuwa amekaa motoni na wenye donge, si kwa nusu saa.

Isije ikadhaniwa kwamba lawama zangu ni kwa wageni tu. Karasha ni chombo chetu. Linachomelewa na mafundi wa Katoro na Kahama kwa vyuma vilivyokatwa papa hapa, ngoma inayozunguka na mipira ya chuma ndani, na limewapunguzia wanawake kazi ya kutwanga mawe kwa vinu iliyokuwa inawavunja migongo. Nalisifu karasha. Lakini karasha linalosaga mawe makavu linatoa vumbi laini kama unga wa sembe, na mawe ya dhahabu ya kwetu yana wingi wa silika. Vumbi hilo likiingia kwenye mapafu halitoki. Linaacha makovu, na mapafu yenye makovu hukaribisha kifua kikuu.

Kaka yangu mkubwa alisimama kwenye karasha tangu ujana wake. Alitibiwa kifua kikuu akapona, kikarudi, akatibiwa tena. Mwishoni alikuwa akishindwa kumaliza sentensi bila kupumzika. Tulimzika kiangazi, kukiwa na upepo, na siku ile sikuweza kulitazama vumbi la njiani.

Muda ulipopita nilimtafuta fundi aliyechomelea karasha lile. Sikwenda kwa ugomvi. Ni mtu mzima sasa, mcha Mungu, tulisalimiana vizuri, akaniletea kiti na soda. Nikamuuliza kwa nini hakuweka mfuniko, au bomba la kudondosha maji ili unga utoke umelowa. Alifikiri kidogo. "Mwalimu," akasema, "anayekuja kuninunulia karasha huuliza mambo mawili: bei gani, na linasaga mifuko mingapi kwa siku. Anayesimama pale hajawahi kuja hapa kununua."

Sijasikia mhadhara wowote wa maadili ya teknolojia uliofika mbali kuliko sentensi ile ya mwisho. Mnunuzi ni mmoja, mbebaji wa madhara ni mwingine, na mtengenezaji humsikia mnunuzi tu kwa sababu ndiye anayeingia mlangoni. Pale ndipo maadili yanapoanza kazi: mtengenezaji kumtafuta kwa hiari yake yule ambaye hataingia mlangoni. Fundi yule siku hizi hufunga bati upande wa kutokea unga na kutoboa tundu la maji, na mteja asiyetaka humwambia aende kwa mwingine. Amepoteza wateja kadhaa. Hakuna sheria iliyomlazimisha, na hakuna cheti atakachopewa.

Nirudi kwenye marudio, maana ndiyo yaliyonitoa Bombambili nikiwa kimya.

Marudio ni ule mchanga unaobaki baada ya kuosha na kukamatisha. Kwetu yalikuwa taka. Watoto tuliyachezea, nyumba zilisiribwa kwayo, na malundo yalikaa nyuma ya kila mwalo mpaka majani yakaota. Agosti 1996 wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu, Mama alihamia upande wa Nyarugusu na kuendelea na kazi ileile, akiacha nyuma malundo yake bila kuyatazama mara mbili. Kisha wakaja watu wa planti za sayanaidi, na malundo yakaanza kununuliwa kwa lori.

Sayansi yake ni hii. Zebaki hukamata dhahabu iliyo wazi tu, chembe inazoweza kuzigusa. Mara nyingi inapata chini ya nusu ya kilichomo. Inayobaki imejificha ndani ya chembe za mawe. Sayanaidi huingia huko ndani na kuiyeyusha, kisha kaboni huinasa kutoka kwenye maji. Mtambo uliosimamiwa vizuri hupata sehemu tisa za kumi au zaidi. Mbinu hii si mpya. Ndugu wawili Forrest na mkemia MacArthur waliisajili Glasgow mwaka 1887, na miaka michache baadaye ilikuwa imeuokoa uchimbaji wa Johannesburg. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza kuzalisha mwaka 2000 ulikuja nayo siku ya kwanza. Kwa hiyo katika wilaya moja, chini ya jua moja, kulikuwa na mgodi uliokamata karibu dhahabu yake yote na mama aliyekamata chini ya nusu ya yake huku akivuta mvuke. Kilichowatenganisha ni mtaji, leseni na dhamana ya benki. Ujuzi wenyewe ulikuwa umezeeka kupita miaka mia.

Wenye mialo walielewa haraka kuliko waoshaji. Wakaanza kusaga mawe ya watu kwa bei ya chini, hata bure, kwa sharti la mdomo tu: marudio yabaki hapa. Mchimbaji aliona amepata nafuu. Mama alisaini kwa namna hiyo mara nyingi, yaani kwa kutikisa kichwa. Siku mjomba wangu, aliyepata kibarua cha ulinzi planti, alipotueleza kinachotoka kwenye lile rundo, Mama alikaa kimya muda mrefu akichambua mchicha. Kisha akasema, "Kwa hiyo miaka yote ile tulikuwa tunamwoshea mtu mwingine."

Hakuwa na uchungu wa wivu. Alikuwa anafanya hesabu. Moshi ulikuwa wake, mgongo ulikuwa wake, nusu ndogo ilikuwa yake. Nusu kubwa ilikwenda kwa aliyekuja mwisho akiwa na mtambo, na hakuna aliyeiba, maana kila mtu alikubali. Ila mmoja alikubali akijua kilichomo ndani ya rundo na mwingine alikubali bila kujua.

Kuna pia hatari ambayo kijana wa Bombambili aliijua bila shaka, kwa kuwa ni kemia ya kawaida. Marudio yaliyopita kwenye zebaki bado yana zebaki. Ukiyamwagia sayanaidi kabla ya kuiondoa, sayanaidi inaiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, na zebaki iliyoyeyuka hivyo husafiri na maji kwa wepesi kuliko ile iliyotulia mchangani. Mkataba wa Minamata umeutaja mchanganyiko huo waziwazi kuwa moja ya desturi nne za kukomeshwa, sambamba na kukamatisha mawe yote bila kuyachuja kwanza, kuchoma donge wazi, na kuchomea majumbani. Bwawa la maji machafu lisilotandikwa turubai, mvua kubwa za masika, ng'ombe wanaokunywa bondeni: msomaji wa kwetu hahitaji nimalizie picha.

Sasa mtu atanijibu, na nimeshajibiwa hivyo na wenzangu ninaowaheshimu, kwamba mhandisi hawezi kuwa hakimu wa kila mgawo. Akisubiri haki itendeke kwanza ndipo alete mtambo, mtambo hautafika, na kina mama wataendelea kuvuta moshi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tazama alichokwisha kuamua mhandisi kabla hajafika kwenye banda. Ameamua tangi liwe kubwa kiasi gani, na tangi kubwa lina mnunuzi wa aina moja tu. Ameamua kama kutakuwa na mahali pa kuchukulia sampuli ili mwenye mawe ajue kilichomo kabla hajauza. Ameamua kama bei ya turubai la bwawa imo ndani ya bei ya mtambo au ni hiari ya mnunuzi. Yote hayo ni maamuzi ya mgawo, yamefanywa kwa rula na kalamu ofisini. Ukishayafanya huwezi kusema mgawo haukuhusu.

Na nimeona inavyowezekana kufanywa vizuri. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, la kwanza la aina yake, na mengine yakafuata mikoani. Shemeji yangu alipopeleka dhahabu yake mara ya kwanza alirudi akieleza mizani, wala si bei. Mizani inasoma namba kubwa ambayo muuzaji na mnunuzi wanaiona pamoja. Mashine inapima usafi wa dhahabu mbele ya macho yako. Bei ya siku imeandikwa. Soko halijamaliza ujanja wote, na wapo wanaolikwepa. Lakini teknolojia ile ilipokelewa bila semina, kwa sababu ilijibu swali la mzee wa kwenye ndoo. Kila mtu anaona.

Wasomaji walio mbali na vumbi letu wasidhani habari hii inaishia mwaloni. Dhahabu kidogo imo ndani ya simu unayoshika, na wenzetu wa mashariki na kusini mwa Kongo wanajua gharama ya koltani na kobalti zilizomo humo humo. Hata zile mashine zinazojibu maswali kama binadamu zina mwalo wake. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba vijana wa Nairobi walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Baadhi walieleza jinsi kazi ile ilivyowaumiza akilini. Niliposoma habari ile nilimkumbuka Mama na kijiko chake: kuna mtu amewekwa karibu na moshi ili bidhaa imfikie mwingine ikiwa safi.

Mama sasa ni mzee, mikono yake hutetemeka akishika kikombe. Daktari mmoja alisema ni umri. Huenda. Hakuna aliyewahi kumpima zebaki, na mimi sitaandika zaidi ya ninavyojua.

Binti aliyeuliza swali Bombambili ana shangazi katika kikundi cha kina mama kinachomiliki mwalo mdogo. Likizo iliyofuata alinipeleka. Tulisalimiana kwa Kisukuma, nikapewa kigoda, nikaonyeshwa rundo la marudio walilokataa kuliacha kwa mwenye karasha. Wameongeza malipo ya kusagia ili libaki lao. Walikuwa wamechukua sampuli pande zote za rundo, juu, katikati na chini, wakazipeleka maabara Mwanza, na jibu lilikuwa kwenye bahasha ya plastiki mikononi mwa mweka hazina.

Mnunuzi alikuja mchana ule na gari. Alilizunguka rundo, akataja bei. Mweka hazina akamsogezea karatasi bila neno. Alisoma, akapandisha bei karibu mara mbili. Nilidhani wataafiki. Shangazi wa binti akasema, "Sawa mzee wangu, bei tumeisikia. Marudio haya yana zebaki yetu ya zamani. Utaiondoa kwa njia gani, na bwawa lako limetandikwa turubai?" Akajibu kwamba bwawa liko vizuri. Wakamwomba wakalione. Wawili wakapanda gari lake, mmoja na simu ya kupigia picha.

Walirudi kabla ya magharibi. Bwawa halikuwa na turubai, na hawakuuza. Nilipopita tena mwezi uliofuata rundo lilikuwa palepale, na mnunuzi alikuwa amepiga simu mara mbili, mara ya pili akiwauliza kama wanamfahamu muuzaji wa turubai zito mjini Geita.